Kano Zilizofichwa Ndani ya Zege: Namna ya Kumpima Mgonjwa Asiyelalamika

(Mada iliyotolewa ukumbini East Side, Columbus, Ohio, katika sherehe ya miaka 63 ya Uhuru, Desemba 2024)

  

Kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze kwa muda mfupi juu ya afya, kwa kuwa mimi ni muuguzi na shahada yangu ya uuguzi niliisomea hapa hapa Marekani. Nimekubali, lakini nimeomba ruhusa nipite njia ya kuzunguka kidogo. Nitazungumza juu ya madaraja, na hasa juu ya chuma kilichofichwa ndani ya zege ya madaraja, na namna wataalamu wanavyojua kama chuma hicho bado ni kizima au kimeliwa na kutu.

Mimi si mhandisi. Niliingia kwenye habari hizi kwa sababu mtoto wangu wa sekondari alipewa kazi ya shule juu ya madaraja, tukakaa wote wawili mezani kusoma ripoti za serikali, ambazo kwa bahati nzuri ziko wazi kwa kila mtu. Yeye alimaliza kazi yake. Mimi niliendelea kusoma, maana nilikuta lugha ninayoijua: dalili, vipimo, historia ya mgonjwa, uamuzi wa kumlaza au kumruhusu. Na wengi wenu mnaonisikiliza mnavuka madaraja hayo usiku wa manane kwenda zamu na kurudi. Ni haki yenu kujua yanavyosimama.

Kano ni nini?

Watoto, nisikilizeni hapa, maana hii ni rahisi. Zege ni imara sana ikigandamizwa, lakini ikivutwa inapasuka upesi. Daraja likipitiwa na lori, upande wa juu wa boriti hugandamizwa na upande wa chini huvutwa. Kwa hiyo zege peke yake haiwezi. Ndiyo maana mafundi wetu nyumbani huweka nondo ndani ya zege: zege ibebe mgandamizo, nondo ibebe mvuto.

Kwa madaraja marefu nondo za kawaida hazitoshi. Chukueni shanga za bibi, zile za kiunoni. Zikiwa zimelegea, zinaning'inia. Ukiushika uzi ukauvuta kwa nguvu kutoka ncha mbili mpaka shanga zikabanana, zinakuwa kama fimbo, unaweza hata kuweka kijiko juu yake. Shanga ni zile zile na uzi ni ule ule. Kilichoongezeka ni mvuto.

Hivyo ndivyo wahandisi wanavyofanya. Hupitisha kamba za chuma ndani ya boriti, kisha huzivuta kwa mashine na kuzifunga zikiwa zimekaza. Kamba moja ya kawaida ina unene wa nusu inchi na imesokotwa kwa nyaya saba, mmoja katikati na sita ukiuzunguka. Kamba hiyo moja, isiyozidi unene wa kidole, huvutwa kwa nguvu inayokaribia tani 14, karibu na uzito wa basi la mjini likiwa tupu. Boriti moja huwa na kamba nyingi za namna hiyo. Wahandisi wa Kiingereza walizipa jina lile lile tunalolitumia kwa mwili wa binadamu, na Kiswahili chetu kinalo: kano. Kano ndiyo inayofunga msuli kwenye mfupa. Haionekani, haisemi, lakini ikikatika mkono haunyanyuki.

Wakati mwingine kano huvutwa kwanza, kisha zege humwagwa juu yake. Wakati mwingine zege hukauka kwanza ikiwa na mabomba ndani, kano hupitishwa humo, huvutwa, kisha bomba hujazwa uji wa saruji ili hewa na maji visipate nafasi. Kumbukeni uji huo, nitaurudia.

Kano zinaugua vipi?

Zege nzuri humlinda chuma. Ina ualkali mkubwa, pH yake ni kama 12.5 au zaidi. Sisi tulioko wodini tunajua damu ya mtu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na ikitoka hapo kidogo tu tunakimbia. Chuma nacho kinapenda mazingira yake. Ndani ya ualkali huo hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo huzuia kutu.

Adui wa utando huo ni chumvi. Na hapa ndipo Desemba ya Ohio inapoingia. Mmekwisha kuyaona malori ya chumvi yakianza kazi. Ndugu zetu wa Buffalo, wanaopokea theluji ya ziwa mpaka inafunika magari, wanayajua kuliko sisi. Chumvi inayeyusha barafu, inaokoa maisha yetu barabarani, kisha inateremka pamoja na maji kupitia viungo vya daraja na nyufa ndogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka inafika kwenye chuma. Ikifika, utando unatoboka mahali padogo, na kutu huanza kuchimba shimo.

Nondo ya kawaida ikishika kutu, mara nyingi hutupa taarifa. Kutu huvimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inapasua zege, doa la kahawia linatoka nje. Ni kama jipu: linauma, linavimba, unalazimika kwenda hospitali.

Kano ni tofauti. Chuma chake ni kigumu mno na tayari kimevutwa karibu robo tatu ya nguvu zake zote. Shimo dogo la kutu kwenye waya mwembamba uliokaza namna hiyo linatosha kuanzisha ufa, na ufa ukikutana na unyevu na haidrojeni, waya hukatika ghafla kama kijiti kikavu, bila kunyumbuka kwanza. Tena iko ndani ya bomba. Pale ambapo uji wa saruji haukujaa vizuri hubaki mfuko wa hewa na maji, hasa sehemu za juu za bomba na karibu na ncha zake. Kutu inaweza kula humo miaka mingi huku zege ya nje ikiwa safi, hata imepakwa rangi. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tarehe 4 Desemba 1985 huko Wales, daraja dogo liitwalo Ynys-y-Gwas, lililojengwa 1953, lilianguka lenyewe bila gari hata moja juu yake. Chumvi ilikuwa imepenya kwenye maungio ya vipande vyake na kukata kano. Uingereza ilishtuka kiasi kwamba mwaka 1992 ilisimamisha ujenzi wa madaraja mapya yenye kano za kujazwa uji ndani ya bomba, mpaka 1996 ilipopata kanuni bora zaidi. Tarehe 11 Septemba 2024, sehemu ya daraja la Carola mjini Dresden, Ujerumani, ilianguka mtoni usiku, dakika chache baada ya tramu kupita. Chanzo kilichotajwa ni kano zilizopasuka ndani kwa ndani. Hakuna aliyeumia. Genoa, Italia, hawakuwa na bahati hiyo: tarehe 14 Agosti 2018 daraja ambalo kamba zake za chuma zilikuwa zimefunikwa kwa zege lilianguka na watu 43 wakafa.

Tukio la barabara yetu

Msidhani ni mambo ya Ulaya. Tokeni hapa East Side, shikeni I-70 kuelekea mashariki, endesheni kama saa mbili na nusu. Mtafika Washington County, Pennsylvania. Hapo kulikuwa na daraja la Lakeview Drive, lililojengwa 1960 na kupita juu ya I-70. Boriti zake zilikuwa masanduku ya zege yenye kano ndani, yamepangwa ubavu kwa ubavu. Hapa Ohio tunayo madaraja mengi ya namna hiyo hiyo.

Tarehe 27 Desemba 2005, boriti ya pembeni ilikatika na kuangukia barabara kuu. Haikuzidiwa na lori lolote, ilishindwa kubeba uzito wake yenyewe. Hakuna aliyekufa, kwa neema ya Mungu.

Kilichonishika ni hiki. Daraja lile lilikuwa likikaguliwa. Wakaguzi walikuwa wameona zege imebanduka chini na kamba kadhaa ziko wazi. Waliandika. Lakini walipoichunguza boriti baada ya kuanguka, uharibifu ulikuwa mkubwa kuliko ule jicho lilivyohesabu. Kamba zilizoonekana zilikuwa zimekufa, na jirani zao zilizokuwa bado zimefunikwa na zege zilikuwa zimeliwa pia. Watafiti wakashauri kwamba mkaguzi akiona kamba zilizo wazi, asihesabu hizo peke yake. Ahesabu na sehemu ya zile za jirani kuwa zimepungua, hata kama hazioni.

Sisi wauguzi tunafundishwa jambo hilo hilo kwa kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari. Kidonda unachokiona ni mlango tu. Chumba kiko ndani.

Mgonjwa asiyelalamika anapimwaje?

Nitawapa hatua kama ninavyozielewa, na wenzangu wa wodini mtaona undugu.

Kwanza ni historia. Daraja lina umri gani? Limejengwa kwa njia gani? Limemwagiwa chumvi miaka mingapi? Maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Mfereji wa maji ulioziba ni dalili mbaya kuliko ufa, kwa sababu ndio unaoleta ufa.

Pili ni macho na mikono, na hapa pana nyundo. Mkaguzi hugonga zege na kusikiliza. Zege nzima inalia kwa sauti kali, iliyotengana ndani inalia kama debe tupu. Daktari anapogonga kifua kwa vidole kusikiliza kama kuna maji, anafanya kitu kile kile. Njia hiyo aliiandika Leopold Auenbrugger mjini Vienna mwaka 1761, miaka 200 kamili kabla ya Uhuru wetu. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na mapipa ya mvinyo hugongwa ili kujua yamebaki na kiasi gani.

Tatu ni maabara. Hutobolewa tundu dogo, unga wa zege unachukuliwa kwa kina mbalimbali, na kupimwa chumvi imefika wapi. Ukijua kasi yake unajua itafika lini kwenye chuma, kama haijafika.

Nne ni umeme. Kutu inapotokea huzaa umeme mdogo. Waya mmoja hufungwa kwenye chuma cha ndani, kifaa chenye shaba hupitishwa juu ya zege, na namba za milivolti huandikwa kwenye ramani. Inafanana na kupima umeme wa moyo. Ila kipimo hiki kinakuambia wapi kutu inaelekea kufanya kazi, hakikuambii chuma kimepungua kiasi gani. Na kano ikiwa ndani ya bomba la plastiki, kipimo hiki hakiioni.

Tano ni picha. Rada huonyesha mabomba yamepita wapi. Mawimbi ya sauti huonyesha pale uji haukujaa. Sumaku kali hupitishwa juu ya boriti: chuma kikiwa kizima nguvu ya sumaku hupita ndani yake vizuri, kikiwa kimekatika huvuja nje na kifaa huisoma. Eksirei ipo pia, lakini inataka nguvu kubwa na watu waondolewe.

Sita ni kuingia ndani. Hutobolewa tundu hadi kwenye bomba, hupitishwa kamera nyembamba kama ile tunayompitishia mgonjwa kuangalia tumbo. Hapo mtu anaona kano kwa macho yake: inang'aa, imeshika kutu ya juu, au imekatika.

Saba ni kusikiliza kwa muda mrefu. Vifaa hubandikwa kwenye daraja na kuachwa miezi au miaka. Waya ukikatika ndani hutoa mlio, vifaa vinaukamata na kusema umetoka wapi.

Kipimo kimoja hakitoshi, kila kimoja kina upofu wake. Mwishoni mhandisi huketi akapiga hesabu: kamba zilizobaki zinabeba uzito gani? Daraja litaruhusiwa magari yote, litawekewa kibao cha uzito, au litafungwa? Katika nchi hii kila sehemu kuu ya daraja hupewa alama kutoka 9 hadi 0, na ikifika 4 au chini yake inaitwa hali duni. Wakunga mtakumbuka alama za Apgar tunazompa mtoto akizaliwa. Maana ni ile ile: namba haimponyi mtu, inaita watu.

Tofauti iko baada ya kipimo

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta mbele yenu. Nitatoa mifano mitatu.

London kuna barabara ya juu iitwayo Hammersmith Flyover. Ilifunguliwa 1961, ni rika la Uhuru wetu. Mwanzoni iliwekewa nyaya za kupasha joto ili barafu isigande, baadaye zikaachwa na chumvi ikatumika badala yake. Chumvi ikafika kwenye kano. Lakini walikuwa wameweka masikio: vifaa vilisikia nyaya zikikatika. Wakafungua, wakaangalia, wakakuta hali mbaya, na Desemba 2011 wakaifunga, ikiwa imebaki miezi michache tu kabla ya mji kupokea Olimpiki. Watu walinung'unika. Waliimarisha, wakaweka kano mpya, na barabara inatumika hadi leo. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna anayeikumbuka.

Louisville, ninyi mnalo daraja la Sherman Minton linalopeleka I-64 upande wa pili wa mto Ohio. Hilo ni la chuma kitupu, halina kano, lakini somo ni moja. Tarehe 9 Septemba 2011 ilipobainika kuna nyufa kwenye chuma chake, gavana wa Indiana, Mitch Daniels, aliamuru lifungwe siku hiyo hiyo. Lilikaa limefungwa mpaka Februari 2012. Mliokuwa mkienda kazini ng'ambo mnaijua foleni iliyofuata. Foleni ilipita, na watu wako hai.

Mfano wa tatu ni Pittsburgh. Daraja la Fern Hollow, la chuma pia, lilikuwa limepewa hali duni tangu 2011. Kila ukaguzi uliandika: mifereji imeziba, takataka zimejaa, miguu ya daraja inaliwa na kutu, fanyeni matengenezo. Ripoti ziliendelea kuandikwa na kazi haikufanywa. Tarehe 28 Januari 2022 asubuhi likaanguka na basi juu yake. Watu waliumia, hakuna aliyekufa. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri haikusema kwamba ugonjwa haukujulikana. Ilisema ulijulikana, ukaachwa.

Nchi hii yenyewe ilijifunza kwa kilio. Tarehe 15 Desemba Silver Bridge ilianguka kwenye mto Ohio, kati ya Point Pleasant na upande wetu wa Ohio karibu na Gallipolis, jioni ya foleni ya manunuzi ya Krismasi, mwaka 1967. Watu 46 walikufa. Chanzo kilikuwa ufa kwenye kiungo kimoja cha chuma, ulioanza na kina cha milimita mbili na nusu tu, mahali ambapo jicho halikuweza kufika. Kutokana na msiba huo ndipo Marekani ikaweka kanuni za taifa za kukagua madaraja kwa ratiba, mwaka 1971. Kabla ya hapo, kila mtu alikuwa akiangalia kwa wakati wake.

Kwetu nyumbani

Nyumbani nako kano zimeongezeka, na ni fahari yetu. Daraja la Mkapa kwenye Rufiji lilifunguliwa 2003. Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Tanzanite, Dar es Salaam, linatumika tangu 2022. Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, mwaka 2024 lilikuwa likikaribia kukamilika. Kwetu hakuna malori ya chumvi, lakini Kigamboni na Tanzanite yanakaa juu ya maji ya bahari, na upepo wa bahari unamwaga chumvi kila siku bila kulipwa. Madaraja hayo ni mapya, na mapya ndiyo wakati mzuri wa kuanza kuyapima, ili namba za leo ziwe kipimo cha kulinganishia kesho. Watoto mnaokua hapa na kuuliza mtafanya nini kwa ajili ya nchi ya wazazi wenu: kazi hii ipo, inataka hesabu, fizikia na uvumilivu, na haina makelele.

Na ninyi mnaojenga kwa simu, nyumba ziko Goba, Kibaha au Fumba: muulizeni fundi mchanga umetoka wapi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa unaingiza chumvi ndani ya zege siku ya kwanza. Nyumba itapendeza kwenye picha za WhatsApp, na nondo zitakuwa zimekwisha kuanza kuliwa.

Kano zetu wenyewe

Ndugu zangu, ndani ya ukumbi huu wapo watu wanaobeba nyumba mbili. Anafanya zamu mbili, analipa kodi hapa, ada ya wadogo zake Singida, dawa za mama Tanga, na mchango wa harusi ya binamu. Amevutwa pande zote mbili, na mvuto huo ndio unaosimamisha watu wengi. Ukimwuliza hali, anajibu "nzuri tu". Nje hana ufa.

Presha haiumi. Kisukari kinaanza kimya. Figo zinaweza kupungua nguvu sana kabla mtu hajahisi lolote. Nimekaa na wagonjwa wa rangi yangu na lugha yangu waliokuja kwa mara ya kwanza wakiwa wamepooza upande mmoja, na familia inaniambia, "Lakini Dada, hakuwahi kuugua." Hakuwahi kupimwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Jumuiya hii ni hodari kwenye msiba. Mwenzetu akianguka, ndani ya siku chache fedha za kusafirisha mwili zimepatikana, chakula kimepikwa, watu wamelala msibani. Sina haja ya kutaja majina, kila aliyeko hapa anawakumbuka tuliowasindikiza hadi uwanja wa ndege. Ninawaheshimu wote waliochanga. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuwa hodari baada ya daraja kuanguka.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza: pale nyuma, karibu na meza ya chai, mimi na wauguzi wenzangu tumeweka mashine za presha. Kabla ya pilau, kila aliyezidi miaka 18 apite. Tutakuandikia namba zako mbili kwenye kadi, na tarehe. Ninaomba kamati iliweke jambo hili kwenye kila sherehe yetu, kama ilivyo kwa wimbo wa taifa.

La pili: namba mbaya isibaki kwenye kadi. Tukikuandikia kwamba umwone daktari, tutaandika pia ni lini, na jina la mtu mmoja, mke, mume, rafiki, atakayekuuliza kama umekwenda. Asiye na bima aje anione, zipo zahanati za jamii hapa mjini zinazotoza kulingana na kipato. Fern Hollow ilikuwa na ripoti nyingi, haikuwa na mtu wa kuuliza. Na mkiambiwa mpumzike, mfunge njia kwa muda, msione aibu. Ndugu wa nyumbani waambiwe kweli: mwezi huu natengenezwa. Foleni itapita.

La tatu ni la vijana. Mkipita chini ya daraja mkaona zege imebanduka, madoa ya kahawia au nyaya ziko wazi, pigeni 311, iwe hapa Columbus, Louisville au Buffalo, mseme ni wapi. Hakuna atakayewauliza mmezaliwa wapi. Daraja ni lenu pia.

Walioupigania Uhuru walitukabidhi nchi ya kuijenga. Kujenga tumejitahidi. Kazi iliyobaki mikononi mwa watoto hawa ni ngumu zaidi na haina utepe wa kukata: kuangalia kilichojengwa, kugonga na kusikiliza, kuandika kweli, na kumfuata mwenye mamlaka mpaka atende.

Mashine za presha ziko tayari. Wazee ndio watangulie.

Uhuru na Kazi.